Seva iliyoamka kabla ya mtandao: kisa cha PostgreSQL iliyokataa kaunta

Malalamiko yalikuwa mafupi. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta za kaunta zinashindwa kuingia kwenye mfumo wa mauzo. Si kila mara. Kuna siku umeme unarudi na kazi inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea, na kuna siku kaunta zote zinatoa kosa lile lile, `Connection refused`, na namba 10061 pembeni. Kijana anayeangalia kompyuta za pale dukani alikuwa na dawa yake: anaingia kwenye seva, anaizima na kuiwasha upya huduma ya PostgreSQL, hifadhidata ya mfumo huo, foleni inaanza kusogea. "Kaka, mimi nikiristati tu inakubali," aliniambia kwenye simu. Nusu ya jibu ilikuwa ndani ya sentensi hiyo.

Tatizo ni kwamba kijana hufika saa tatu na duka hufunguliwa saa moja na nusu. Katikati hapo mhasibu, mama asiyependa kupotezewa muda, huandika risiti kwa mkono kisha mchana huziingiza moja moja kwenye mfumo. Miezi kadhaa ya hali hiyo ndiyo iliyofanya nitafutwe.

Duka lenyewe ni la jumla, la vipuri vya magari. Seva ni kompyuta ya kawaida ya mezani yenye Ubuntu 22.04 na PostgreSQL 14, ile inayokuja na Ubuntu hiyo. Programu ya mauzo imewekwa kwenye kompyuta za Windows za kaunta na inaifuata hifadhidata kwenye anwani 192.168.10.5, poti 5432. Anwani hiyo inatoka kwa ruta kwa DHCP, utaratibu wa ruta kuzigawia mashine anwani: ruta imeambiwa kwamba kadi ya mtandao yenye namba fulani ipewe 192.168.10.5 daima. UPS ipo chini ya meza, betri zake zimekufa, inafanya kazi ya soketi ya ukutani. Na kwenye BIOS ya seva mtu aliweka kwamba umeme ukirudi mashine ijiwashe yenyewe. Wazo zuri kabisa, na bila hilo tusingekuwa na kisa.

Kabla sijagusa chochote niliuliza ni nini kimebadilishwa tangu shida ianze. Kijana alikumbuka kidogo, historia ya amri kwenye terminali ilikumbuka zaidi. Mabadiliko yalikuwa matatu. Mara ya kwanza ufw, faiwoli ya Ubuntu, ilizimwa, kwa sababu mtu alimwambia faiwoli ndiyo inayozuia. Mara ya pili ukaongezwa mstari juu kabisa ya `pg_hba.conf`, faili linaloamua nani aingie kwenye hifadhidata na kwa njia gani; `trust` maana yake aingie bila nywila:

```
host  all  all  0.0.0.0/0  trust
```

Mara ya tatu `max_connections`, idadi ya miunganisho inayoruhusiwa kwa wakati mmoja, ilipandishwa kutoka 100, ambayo ndiyo ya kawaida ya PostgreSQL, hadi 500. Na kila badiliko lilifuatiwa na kuwasha huduma upya, na kila mara kaunta ziliingia. Kwa hiyo kila badiliko lilipata sifa ya kuponya, mpaka umeme ulipokatika tena.

Hapa pana jambo linalonikera katika kazi hii kuliko uhaba wa vifaa. Kuwasha upya kunaponya na papo hapo kunafuta ushahidi. Ukiunganisha na badiliko lolote lile, hata la kubadilisha rangi ya terminali, badiliko hilo litaonekana ndilo lililotibu. Kijana hakuwa mzembe, alifanya walichofanya wengi waliomtangulia. Ila alitafuta sababu kabla ya kusoma kosa lenyewe linasema nini.

Kosa la "connection refused" ni jibu. Kompyuta ya kaunta inapotaka kuungana hutuma pakiti ya SYN, yaani ombi la kuungana, kwenda 192.168.10.5, poti 5432. Kama kuna programu inayosikiliza hapo, kerneli ya seva (kiini cha mfumo wake endeshi) hujibu SYN-ACK na mazungumzo yanaanza. Kama hakuna, kerneli hujibu kwa RST, na mteja, yaani kompyuta inayoomba, anatafsiri RST hiyo kuwa kukataliwa: kwenye Linux ni kosa namba 111, kwenye Windows 10061. Kama pakiti imemezwa njiani, ama na faiwoli ama na waya uliokatika, hakuna jibu lolote. Mteja anarudia SYN na kusubiri, Linux ikiachwa na mipangilio yake husubiri zaidi ya dakika 2, halafu analeta kosa jingine kabisa, 110 kwenye Linux na 10060 kwenye Windows. Ukipiga hodi ukajibiwa kwamba mtu huyo hakai hapa, umekosa uliyemtaka lakini nyumba umeiona na wenyewe wamo.

Sasa chukua yale mabadiliko matatu uyapime kwa kipimo hicho. Ufw kwa kawaida humeza pakiti zisizoruhusiwa bila kujibu, kwa hiyo ingeleta kusubiri na 10060, si 10061. `pg_hba.conf` husomwa na PostgreSQL yenyewe baada ya muunganisho wa TCP kukamilika. Ikimkataa mtu humpa maneno yake kamili, `FATAL: no pg_hba.conf entry for host`, pamoja na anwani ya mteja, jina la mtumiaji na jina la hifadhidata. Nafasi zikijaa PostgreSQL husema `sorry, too many clients already`. Hayo mawili ya mwisho hayawezi kutokea bila kuwa umeshaongea na PostgreSQL, na kaunta zetu zilikuwa hazifiki huko kabisa. Mstari mmoja kwenye kisanduku cha kosa ulitosha kuyaondoa yote matatu kabla mtu hajafungua faili hata moja.

Nina tahadhari mbili, kwa sababu kanuni hii ina pembe zake. Ya kwanza: faiwoli inaweza kuigiza kukataliwa. Kanuni ya REJECT ya iptables, isipoambiwa vingine, hurudisha ujumbe wa ICMP kwamba poti haifikiki, na mteja wa Linux huuona kama kukataliwa kule kule. Kwenye mashine za familia ya Red Hat zenye firewalld utakutana na `No route to host` wakati njia ipo na mashine iko hai. Faiwoli ndiyo imejibu hivyo. Nilikagua: kwenye ufw ya pale hakuna aliyewahi kuandika `reject`, na sasa hivi imezimwa kabisa, na kosa bado lilikuwa linarudi. Ya pili inahusu Windows. Wengi tunapima kwa saa: jibu likija papo hapo ni RST, likichelewa ni pakiti kupotea. Lakini Windows ikipokea RST kwenye SYN haikati tamaa, hujaribu tena mara kadhaa, kwa hiyo kukataliwa nako hukawia kama sekunde moja au mbili. Kijana aliona huo mzunguko wa kusubiri akasema mtandao ni mzito. Mtandao haukuwa na neno.

Kwa hiyo swali lilibaki moja. Nani anasikiliza kwenye 192.168.10.5:5432 baada ya umeme kurudi? Nasema anwani na poti kwa pamoja kwa makusudi. Watu huuliza "poti 5432 iko wazi?" kana kwamba poti ni ya mashine nzima. Soketi, sikio la programu kwenye mtandao, hushikizwa kwenye jozi ya anwani na poti. Programu inaweza kuwa hai, inasikiliza 5432, inahudumia watu, na bado kwenye anwani unayoitafuta wewe hakuna mtu.

Siku niliyofika mfumo ulikuwa unafanya kazi, kama ilivyo desturi ya mashine kila fundi anapoingia. Nilitazama kwa `ss`, inayoonyesha nani anasikiliza wapi:

```
sudo ss -ltnp | grep 5432
```

Mistari miwili ikaja, mmoja 127.0.0.1:5432, anwani ya seva kuongea na yenyewe (localhost), na mwingine 192.168.10.5:5432. Hiyo ndiyo picha ya afya, na ililingana na mipangilio niliyoikuta kwenye `/etc/postgresql/14/main/postgresql.conf`:

```
listen_addresses = 'localhost,192.168.10.5'
```

Aliyeandika hivyo alikuwa mwangalifu. PostgreSQL isipoambiwa kitu husikiliza localhost peke yake, na ushauri unaozunguka kila mahali ni kwamba ukitaka kuifungua, ifungue kwenye anwani unayoihitaji tu. Ushauri huo sina ugomvi nao. Lakini ona unadai nini: siku PostgreSQL inapoamka, anwani hiyo iwe tayari ipo kwenye mashine. Hapo nilianza kushuku ruta.

Ushahidi wa asubuhi zilizopita haukuwa umepotea wote. Kwenye Debian na Ubuntu logi za PostgreSQL huzungushwa kila wiki na kuhifadhiwa kumi, za zamani zikiwa zimebanwa, kwa hiyo ukichelewa wiki chache bado una cha kusoma. Niliandika:

```
sudo zgrep -h "could not bind" /var/log/postgresql/*
```

Ikatoka orodha. Nikaiweka pembeni ya `journalctl --list-boots`, inayoonyesha kila mara mashine ilipowaka, na pembeni ya daftari la mhasibu la risiti za mkono. Siku za daftari zilikuwemo zote kwenye orodha ya logi. Mfano wa asubuhi moja, nikiwa nimeondoa tarehe na mistari ya PostgreSQL kujirekebisha baada ya kuzimika ghafla:

```
LOG:  listening on IPv4 address "127.0.0.1", port 5432
LOG:  could not bind IPv4 address "192.168.10.5": Cannot assign requested address
WARNING:  could not create listen socket for "192.168.10.5"
LOG:  listening on Unix socket "/var/run/postgresql/.s.PGSQL.5432"
LOG:  database system is ready to accept connections
```

Usome mstari wa mwisho kwanza, kama alivyousoma kijana: hifadhidata iko tayari kupokea. Ni kweli, iko tayari. Kisha upande juu mistari mitatu. Iliomba kukaa kwenye 192.168.10.5, kerneli ikaiambia anwani hiyo haipo kwenye mashine hii, ikatoa onyo na kuendelea. Mistari ya kujirekebisha, ambayo ni mingi na inatisha kuitazama, ndiyo iliyomvuta macho kila alipofungua logi. Onyo lilikuwa limefunikwa humo.

Hapa ndipo tabia ya PostgreSQL inapotofautiana na ya wenzake. Ikipewa anwani kadhaa na ikafanikiwa kukaa hata kwenye moja, inaamka. Hukataa kuamka pale tu inapokosa zote, na hapo huandika `could not create any TCP/IP sockets` na kufa. MySQL na MariaDB zikiambiwa `bind-address` isiyokuwepo kwenye mashine hazina subira hiyo: zinaandika kwamba haziwezi kuanza na zinazima. Kwa mtu anayetafuta kosa, hasira ya MySQL ni nafuu. Huduma imekufa, kila mtu anaona imekufa, na logi ina mstari mmoja wa kusoma. Upole wa PostgreSQL unakuachia huduma iliyo hai kwa yeyote aliyeketi mbele ya seva na iliyokufa kwa kila mwingine. Na ikishakosa anwani haijaribu tena. Ruta inaweza kutoa anwani dakika moja baadaye, seva ikawa na 192.168.10.5 yake, ping ikajibu vizuri. PostgreSQL haitajua mpaka iwashwe upya. Ndiyo maana "nikiristati tu inakubali".

Ndiyo maana pia vipimo vyote vya kijana vilisema kila kitu ni kizima. `psql` akiwa kwenye seva iliingia, kwa sababu bila kutajiwa seva hupitia soketi ya Unix, haigusi mtandao. `systemctl status postgresql` ilionyesha kijani. Kijani hicho, kwa taarifa ya wasiojua, kwenye Debian na Ubuntu hakina thamani yoyote: huduma inayoitwa `postgresql` ni mwavuli tu, itakuonyesha `active (exited)` hata kama hifadhidata yenyewe imekufa. Yenye habari ni `postgresql@14-main`, au uandike `pg_lsclusters` uone hali na poti ya kila moja. Amri hiyo ya pili huokoa pia watu wa kisa jirani na hiki: umesakinisha toleo jipya pembeni ya la zamani, jipya likapewa poti inayofuata iliyo wazi, 5433, ukalizima la zamani, na kaunta zote zikaendelea kugonga 5432 na kukataliwa.

Na kulikuwa na skripti ya ulinzi, inaendeshwa na cron kila baada ya dakika chache, inaita `pg_isready` na kutuma ujumbe ikishindwa. Haikuwahi kutuma hata mmoja. Nayo ilipitia soketi ya Unix.

Kwa nini PostgreSQL iwahi kuamka? Kwa sababu hakuna aliyeiambia isubiri. Faili la `postgresql@.service` linalokuja na kifurushi cha Debian lina `After=network.target`, na juu yake kuna maelezo ya watunzaji wenyewe kwamba mstari huo umewekwa ili wakati wa kuzima mashine, hifadhidata isimame kabla mtandao haujaondoka. Wakati wa kuwaka, `network.target` haimaanishi kwamba mashine imepata anwani. Nyaraka za systemd, programu inayowasha huduma za Linux, zinasema wazi kuwa maana yake wakati huo ni ndogo sana. Inayosubiri anwani inaitwa `network-online.target`. Majina mawili yanayofanana hivi yamewapotezea watu usiku mwingi.

Ukishajua hilo, mengine ni mbio kati ya vifaa viwili. Seva ina diski ya SSD, inawaka haraka. Ruta ni ile ndogo ya plastiki, inachukua muda kujipanga kabla ya kuanza kugawa anwani. Umeme ukirudi vinaanza pamoja, na mara nyingi seva inashinda. Siku ambazo seva ilikawia, tuseme diski ilikuwa inakaguliwa, au mtu aliiwasha kwa mkono baada ya vingine vyote, PostgreSQL ilikuta anwani ipo na duka likafunguliwa bila shida. Hiyo "si kila mara" iliyowachanganya ikawa na maelezo.

Dhana ikilingana na logi bado ni dhana. Tulisubiri duka lifungwe, tukachukua nakala rudufu kwa `pg_dump`, kisha tukachomoa umeme wa ruta na kuizima seva kwa utaratibu. Tukawasha seva, tukangoja PostgreSQL iamke, ndipo tukairudishia ruta umeme. Ruta ilipotulia tukahakikisha seva imepata anwani yake. Kutoka kaunta:

```
Test-NetConnection 192.168.10.5 -Port 5432
```

Ping ilifaulu, TCP ikashindwa. Kwenye seva `ss` ikaonyesha mstari mmoja tu, 127.0.0.1. Na `sudo tcpdump -ni any port 5432` ikaonyesha mazungumzo yote: `[S]` inaingia kutoka kaunta, `[R.]` inatoka mara moja, tena na tena kadiri Windows ilivyorudia. Kijana alikaa kimya akiitazama. Nilimwomba asiwashe upya kwanza, abadilishe `pg_hba.conf` atakavyo na aisomeshe upya tu kwa `reload`. Alifanya. Bado `[R.]`. Kisha akawasha upya bila kubadilisha kitu, ikakubali.

Matibabu yalikuwa na njia nne, na juu ya hizo tulibishana kidogo.

Njia inayopendwa kwenye majibu mengi ni kuiambia PostgreSQL isubiri, kwa `systemctl edit postgresql@14-main` na kuongeza `After=` na `Wants=` za `network-online.target`. Ni njia halali na ingepunguza matukio. Siipendi iwe peke yake. Kinachosubiri ni `systemd-networkd-wait-online`, na kisipoambiwa vingine kinakata tamaa baada ya sekunde 120. Ruta ikichelewa zaidi ya hapo, au ikiwa imeungua kabisa siku hiyo, `Wants=` inaruhusu PostgreSQL iendelee na safari, na unarudi pale pale. Umebadilisha nani anashinda mbio, mbio zenyewe bado zipo.

Kijana alipendekeza kuachana na DHCP na kuiandikia seva anwani ya kudumu kwenye netplan, mipangilio ya mtandao ya Ubuntu. Hilo tulilifanya, kwa sababu seva isiyotegemea ruta kupata anwani ni kitu kizuri kwa jumla. Lakini halimalizi. Systemd-networkd, isipoagizwa vinginevyo, haiweki hata anwani ya kudumu mpaka ione waya una uhai upande wa pili. Swichi ikiwa bado imelala, anwani haipo.

Kuna pia `net.ipv4.ip_nonlocal_bind=1`, inayoruhusu programu kukaa kwenye anwani ambayo mashine bado haina. Wenye seva mbili zinazopokezana anwani moja kwa keepalived wanaijua. Inafanya kazi, ila inabadilisha tabia ya mashine nzima kwa ajili ya programu moja, na atakayekuja baada yangu hataitafuta huko.

Nilichochagua ni `listen_addresses = '*'`. Ukisikiliza hivyo soketi inashikizwa kwenye 0.0.0.0, yaani anwani yoyote ambayo mashine inayo sasa au itakayopata baadaye, kwa hiyo hakuna cha kuwahi wala kuchelewa. Najua kuna wasomaji wameshakunja uso. Kwenye mashine yenye anwani ya intaneti moja kwa moja hata mimi nisingeanzia hapo. Lakini hapa ndani, kinachomzuia mgeni ni faiwoli na `pg_hba.conf`. Kutegemea anwani ya kusikiliza iwe ndiyo kufuli kulikuwa kumeligharimu duka mauzo ya asubuhi, na wakati huo huo kufuli halisi zote mbili zilikuwa zimevunjwa katika kuhangaikia tatizo lisilozihusu.

Badiliko hili linahitaji kuwasha upya, kusomesha upya hakutoshi. Na kabla ya kuamini kwamba limeshika, uliza hifadhidata yenyewe:

```
SELECT setting, sourcefile FROM pg_settings WHERE name = 'listen_addresses';
```

Kama mtu aliwahi kutumia `ALTER SYSTEM`, thamani yake imeandikwa kwenye `postgresql.auto.conf`, na faili hilo linashinda lile unalohariri kwa mkono. Hapa halikuwa na kitu. Tukarudia jaribio la ruta na seva, `ss` ikaonyesha 0.0.0.0:5432 tangu mwanzo, na kaunta ziliingia mara tu ruta ilipotulia, bila mtu kugusa seva.

Kazi iliyochukua muda mrefu zaidi ilikuwa ya kufagia. Nilipouliza ni vifaa gani vingine viko kwenye mtandao huo, nikaambiwa Wi-Fi ya wateja wanaosubiri mizigo iko kwenye ruta hiyo hiyo, anwani zile zile za 192.168.10. Yaani kwa miezi, mtu yeyote mwenye simu na programu ya bure ya kusoma hifadhidata angeweza kuingia kama `postgres` bila nywila, akaona bei za kununulia, madeni ya wateja, kila kitu. Asubuhi za kukataliwa ndizo pekee ambazo data ilikuwa salama.

Wi-Fi ya wateja ikahamishiwa kwenye mtandao wa wageni wa ruta. Ufw ikarudishwa, SSH ikiruhusiwa kwanza ili tusijifungie nje, kisha:

```
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 5432 proto tcp
sudo ufw enable
```

`max_connections` ikarudi 100. Kaunta zile hazikuwa zikizidi miunganisho ishirini. Mstari wa `trust` ukaondolewa. PostgreSQL husoma `pg_hba.conf` kutoka juu na kuchukua mstari wa kwanza unaolingana, haiendelei kutafuta mwingine, kwa hiyo ule wa juu ulikuwa umeifanya mistari yote ya chini kuwa mapambo. Chini yake mstari wa zamani ulikuwepo mzima, wa `scram-sha-256`, unaodai nywila, kwa mtumiaji wa mfumo wa mauzo. Skripti ya ulinzi nayo ikahamishiwa kwenye kompyuta ya mhasibu, iite `pg_isready -h 192.168.10.5`. Ijulikane tu kwamba `pg_isready` haitofautishi kukataliwa na kimya, vyote huviita kutojibiwa na kurudisha 2. Kwa kuamsha mtu inatosha. Kujua ni kipi kati ya viwili bado utahitaji `Test-NetConnection` au `nc -vz`.

Asubuhi iliyofuata simu ikaja. Kaunta mbili haziingii. Moyo ulinishtuka kidogo, nikamwomba kijana anisomee kosa lilivyo. Akasoma polepole: `password authentication failed for user`. Nywila ilikuwa imebadilishwa wakati wa kipindi cha `trust`, na kwa kuwa chini ya `trust` PostgreSQL haiulizi nywila, kompyuta hizo mbili ziliendelea kubeba ya zamani bila mtu kujua. "Hii sasa imefika kwa Postgres yenyewe, eeh?" akauliza. Akaandika nywila mpya kwenye kompyuta zote mbili, seva hakuigusa.